MHITIMU ASIKISAHAU CHUO KILICHOMLEA

Kila mwaka, siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, watu hutoka kila upande wa Visiwa hivi kwenda kuwashuhudia watoto wao. Wazee huja na mashada ya maua, kina mama huvaa nguo zao za sikukuu, na watoto wadogo waliochukuliwa kutoka mashamba hukaa wakisubiri jina la kaka au dada yao litajwe. Likitajwa, vigelegele hupigwa. Jioni majoho hurudishwa, picha hugawanywa, na kila mmoja hushika njia ya kwao. Ni siku ya furaha, na hatuna nia ya kuitia doa. Tunalotaka kuliuliza leo linahusu siku ya pili yake na miaka inayoifuata. Kijana aliyetoka pale na shahada yake, atarudi lini tena Chuoni kwake, na siku atakaporudi atakuwa amechukua nini mkononi?

Twauliza hivyo kwa sababu jawabu, tukisema kweli, linatutia haya. Wahitimu wengi hurudi mara moja tu, nayo ni kwenda kuchukua cheti. Baada ya hapo Chuo huwa ni jina linaloandikwa katika barua ya kuomba kazi. Hatusemi kwamba wamekosa adabu au wamepoteza mapenzi. Tunasema kwamba hapana aliyewazoesha kufikiri vinginevyo, na kwamba wakati wa kuanza mazoea mapya umefika.

Yafaa kwanza tukumbushane tulikotoka. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, Mzanzibari aliyetaka elimu ya chuo kikuu ilimpasa avuke bahari. Wachache wa zamani walikwenda Makerere. Baadhi ya wanazuoni wetu walikwenda Misri, katika Al-Azhar. Tangu mwaka 1961, kilipofunguliwa chuo kikuu cha Dar es Salaam kwa wanafunzi 14 tu wa sheria katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, mlango mwengine ulifunguka hapo jirani. Na baada ya Mapinduzi ya 1964, vijana wetu walipelekwa Cuba, China, Urusi ya wakati ule na Ujerumani ya Mashariki. Kila aliyekwenda alikuwa mmoja kati ya wengi waliobaki. Msichana mwenye akili, ambaye wazazi wake hawakuridhia aende mbali peke yake, hesabu yake iliishia kidato cha nne au chuo cha ualimu.

Vyuo viwili vya binafsi, cha Tunguu na cha Chukwani, vilitangulia kufungua milango mwaka 1998. Mwaka 1999 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa, na mwaka 2001 masomo yakaanza. Tokea hapo taasisi zetu za zamani zimeunganishwa nacho moja baada ya moja: ya Kiswahili na lugha za kigeni pale Vuga, ya ualimu Beit el Ras, ya afya Mbweni, ya utalii Maruhubi, ya fedha Chwaka, na ya kilimo Kizimbani, na huko Pemba pia Chuo kina tawi lake. Kwa msaada wa ndugu zetu wa Cuba, visiwa vilivyokuwa vikiazima madaktari vimeanza kufundisha madaktari wao. Hayo yametendeka katika muda usiotimia umri wa mtu mmoja. Mzee aliyezaliwa kabla ya Mapinduzi ameyaona yote hayo kwa macho yake.

Sasa tuulize: nani aliyelipa?

Tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu Zanzibar itatolewa bila ya malipo, na mpaka leo siku hiyo tunaiadhimisha kila mwaka. Lakini neno "bila ya malipo" lina maana ya kwamba mzazi halipi mlangoni mwa skuli. Halina maana ya kwamba hapana anayelipa. Mwalimu hula, chaki hununuliwa, na paa la darasa haliezekwi kwa maneno. Katika miaka ya 1970, bei ya karafuu katika soko la dunia ilipanda sana. Serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee, na mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Sehemu kubwa iliingia Hazina, na humo ndimo zilimotoka fedha za skuli, za hospitali na za nyumba za maendeleo. Karafuu hizo kwa wingi wake zilitoka Pemba, zikachumwa na watu waliopanda juu ya mikarafuu mirefu, wakaanguka baadhi yao wakavunjika, na wengi wao hawakuwahi kukaa katika darasa.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika habari hii aliyechumia juani ni mmoja, na aliyelia kivulini ni mwengine. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1980, mzigo haukuondoka, ulihama mabega tu. Mama wa Paje au wa Kidoti anayefunga mwani kwenye kamba maji yakitoka, kilimo kilichoingia hapa mwaka 1989, naye analipa kodi katika sukari na mafuta anayoyanunua dukani. Mchango wake umo ndani ya shahada ya kila mhitimu wetu, ingawa jina lake halikuandikwa humo.

Hii ndiyo hoja yetu ya kwanza. Mhitimu ana deni, na aliyemkopesha ni mtu asiyeweza kumdai. Mchumaji karafuu hatapiga hodi ofisini kwa mwanasheria kumwambia, nilipe. Mama wa mwani hajui hata kwamba amekopesha. Kwa kuwa mwenye deni hili hatalipwa mwenyewe, njia iliyo ya haki ni kulilipa kwa mtoto wake au mjukuu wake, yule anayebisha mlango wa Chuo hivi sasa.

Tunajua tutajibiwa, na jawabu lenyewe si la kupuuzwa. Kijana atasema: mimi sikusomeshwa bure. Nilikopeshwa na Bodi ya Mikopo, na mkopo naurudisha kwa kukatwa mshahara. Ndugu zetu wa Bara hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kwa ajili hiyo. Nikishalipa nilichokopa, kwa nini niombwe tena?

Jawabu letu ni kwamba mkopo ni kitu kimoja na fadhila ni kitu chengine. Mkopo hulipia ada, chakula, malazi na vitabu vya mwanafunzi mmoja. Ada hiyo haikujenga jengo, haikununua darubini za maabara, wala haikumsomesha mhadhiri kwa miaka mingi mpaka akafaa kumfundisha mwenziwe. Vyote hivyo mwanafunzi alivikuta. Aliyevitangulia alivitengeneza bila ya kumjua. Kurudisha mkopo ni kutimiza ahadi, na anayetimiza ahadi anastahiki heshima. Lakini hapana mtu aliyepata kusifiwa kwa ukarimu kwa kuwa tu alilipa alichokopa.

Lipo jawabu jengine, nalo ni zito zaidi: mhitimu asiye na kazi atoe nini? Vijana wanamaliza masomo, wanazunguka na bahasha za vyeti, na mwaka unapita. Kwa hao sisi hatuombi hata senti. Itakuwa ni dhuluma kumtaka mtu atoe kile ambacho hajakipata. Tunazungumza na waliokwishakupata: maofisa wa Serikali, madaktari, mahakimu, wahasibu, wenye mahoteli na makampuni ya watalii, waalimu wakuu, na wale walioko Dubai, Muscat, London na Toronto. Na hata kijana asiye na kazi tutakuja kuona kwamba anayo njia yake.

Katika jambo hili iko kadhia ya zamani inayofaa kukumbukwa, khasa na wakubwa. Mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga sharti la kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa baada ya masomo kwa kulipwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarejesha majumbani karibu wanafunzi 400. Watu wengi hukumbuka ukali huo. Wachache hukumbuka kwamba siku ile ile Mwalimu alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliona kwamba anayewataka vijana wajinyime hana budi kuanza yeye. Kwa hivyo, ikiwa leo tunawahimiza wahitimu wakumbuke Chuo chao, macho ya vijana yatawatazama kwanza Makatibu Wakuu, Wakurugenzi na Wawakilishi wenye shahada. Kiongozi asiyewahi kutoa hata kitabu kimoja atawahutubia wengine kwa uso gani?

Hoja yetu ya pili inahusu heshima ya Visiwa vyetu. Tuangalie majengo ya elimu ya juu katika nchi yetu yamejengwa kwa fedha za nani. Majengo ya Tunguu yalipatikana kwa mkopo wa Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Uchumi Afrika. Mradi mkubwa wa kuimarisha elimu ya juu nchini, ulioanza mwaka 2021 na ambao Chuo chetu ni miongoni mwa wanufaika wake, unagharimiwa kwa dola milioni 425 zinazotokana na Benki ya Dunia. Huko Dar es Salaam, maktaba kubwa mpya ya Mlimani, yenye nafasi ya watu 2,100 na uwezo wa kuweka vitabu 800,000, ilifunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Serikali ya China. Twashukuru kwa yote hayo, na mwenye kushukuru huzidishiwa. Lakini mgeni hujenga anachokiona. Hajui kwamba kijana wa Kojani huanza safari yake kwa mashua, akapanda gari mpaka bandarini, kisha meli mpaka Unguja, na kwamba kuna muhula ambao nauli hiyo haikupatikana. Hajui kwamba kitabu kimoja kinagombaniwa na wanafunzi wengi, wala kwamba msichana fulani anakaribia kuacha masomo kwa sababu ya kodi ya chumba. Misaada mikubwa hujenga kuta. Mambo madogo yanayomfanya mwanafunzi abaki ndani ya kuta hizo ni kazi ya watu wa nyumbani wanaoyajua.

Asije mtu akasema kwamba kutoa kwa ajili ya elimu ni ada ya Wazungu iliyoletwa kwetu hivi karibuni. Kweli, wao wamefika mbali. Mwaka 1638 mtu aitwaye John Harvard, kule Marekani, alipofariki aliacha nusu ya mali yake na vitabu vyake vipatavyo 400 kwa chuo kidogo kilichokuwa hakijatimiza miaka miwili. Leo chuo hicho kina jina lake na ni miongoni mwa vyuo vyenye utajiri mkubwa kabisa duniani. Lakini miaka zaidi ya 600 kabla yake, Al-Azhar ya Misri ilikwisha kusimama, na kwa karne nyingi wanafunzi wake walilala na kula kwa mapato ya wakfu: maduka, mashamba na nyumba zilizowekwa na watu waliotaka thawabu zisizokatika. Sisi wenyewe tumelelewa katika ada hiyo. Misikiti mingi ya Mji Mkongwe ina nyumba au maduka yaliyowekwa wakfu kwa ajili yake, na mikarafuu na minazi imewekwa wakfu kwa ajili ya visima na madrasa. Babu zetu waliielewa sadaka inayoendelea kabla hatujakuwa na chuo kikuu hata kimoja.

Tena tusitafute mbali. Nenda kijiji chochote cha Unguja au Pemba uulize skuli yao ilivyojengwa. Utaambiwa kwamba wanakijiji walichimba msingi, wakabeba mawe na mchanga, wakainua kuta, ndipo Serikali ikaja kuezeka na kumalizia. Waliofanya hivyo wengi wao ni wavuvi na wakulima. Ikiwa mvuvi asiyejua kusoma aliweza kubeba jiwe kwa ajili ya darasa ambalo hatalikaa, msomi mwenye mshahara wa kila mwezi atatoa udhuru gani? Wala haitoshi kusema kwamba maisha ni magumu. Ikiwa kuna harusi, kamati huundwa, michango ya mamilioni hukusanywa kwa wiki chache, na fedha hizo humalizika kwa usiku mmoja. Hatukatazi harusi. Tunaonesha tu kwamba uwezo upo na moyo wa kuchanga upo. Kilichokosekana ni kuuelekeza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa tuseme nini kifanywe.

Kwanza, wahitimu waliosoma darasa moja wakutane. Wale waliomaliza mwaka mmoja katika somo moja wanajuana kwa majina. Wakitoa kila mmoja shilingi elfu kumi kwa mwezi, watu thelathini watapata shilingi milioni tatu na laki sita kwa mwaka. Kwa fedha hizo wanaweza kumwokoa mwanafunzi aliyekwama, au kununua vitabu vya idara yao. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, wenye neema kubwa zaidi wafikirie wakfu. Nyumba moja ya kupangisha, au eneo la mikarafuu, likiwekwa kwa ajili ya wanafunzi maskini, litaendelea kutoa baada ya mwenyewe kuondoka duniani. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, na Chuo kina wanasheria. Wakae pamoja waandae masharti yaliyo wazi, ili mali isichakae wala isipotee mikononi mwa wasimamizi.

Tatu, elimu yenyewe ni sadaka. Daktari anaweza kufundisha Mbweni saa mbili kwa wiki. Mwenye hoteli anaweza kuwapokea wanafunzi wa Maruhubi kwa mazoezi ya kazi na akawafundisha kweli, asiwafanye watumwa wa kufagia. Mhasibu anaweza kukaa na vijana wa Chwaka akawaonesha hesabu zinavyofungwa. Na yule kijana asiye na kazi, tuliyesema hatumuombi fedha, anaweza kurudi skuli aliyosoma kijijini akawasaidia wanafunzi wa kidato cha nne hisabati au Kiingereza, ili nao wapate njia ya kufika Chuoni. Naye atakuwa ametoa, na pengine zaidi kuliko mwenye mshahara.

Hata hivyo, tungekuwa hatukutenda haki kama tungewaelekezea wahitimu peke yao. Chuo nacho kina wajibu wake. Mtu hapendi kukumbukwa siku ya kuombwa tu. Chuo kiwe na daftari la wahitimu wake wote, kijue wako wapi na wanafanya nini, na kiwaite hata pale kisipokuwa na haja: katika mihadhara, katika kuitengeneza mitaala, katika kuwapokea wanafunzi wapya. Mhitimu anayekwenda kufuata cheti chake apokewe kwa uso mkunjufu, kwa sababu aliyezungushwa dirisha hili na lile siku hiyo hatakuwa na hamu ya kutoa miaka kumi baadaye. Na zaidi ya yote, kila shilingi itakayotolewa itangazwe: nani katoa, imefanya nini, kiasi gani kimebaki. Watu wetu wamechanga mara nyingi kwa mambo ambayo hawakuyaona mwisho wake. Fedha ikipotea mara moja, mlango uliofungwa hautafunguka tena kwa hotuba.

Kwa Serikali tuna maneno mawili. La kwanza ni kwamba mchango wa wahitimu usije ukafanywa kisingizio cha kupunguza fungu la Chuo katika bajeti. Mhitimu akiona kwamba shilingi aliyoitia kwa mlango wa mbele imetolewa kwa mlango wa nyuma, ataacha, na hatutamlaumu. La pili ni kwamba jambo hili libakie la hiari. Tunaujua ule mtindo wa "hiari" inayokatwa katika mshahara kwa waraka wa ofisi. Sadaka ikishakuwa amri huwa ni kodi, na kodi haimfanyi mtu akipende alichokilipia. Viongozi watoe wao kwanza, na watoe hadharani, na wengine watafuata.

Hatutegemei kwamba haya yatatimia kwa mwaka mmoja. Mkarafuu hauzai siku ulipopandwa. Anayeupanda hungojea miaka, na mara nyingi anayechuma ni mwanawe. Visiwa hivi vimeishi kwa subira ya namna hiyo, na wahitimu wetu wote ni wavunaji wa miti waliyoipanda watu wengine. Tunachowaomba ni kwamba nao wapande. Siku ya mahafali ijayo, yule mzee atakayeteremka garini na shada lake la maua, aliyewahi kupanda juu ya mikarafuu kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua, apate kuwaona wahitimu wa miaka iliyopita wamerudi, na mikononi mwao wamechukua kitu kwa ajili ya mjukuu wake.